Uso Unaoonekana, Jina Lisilojulikana: Haki za Anayepigwa Picha



Kila sifa njema ni ya Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa familia za visiwani ni yale yanayohusu picha. Mara nyingi muulizaji hutaka kujua jambo moja tu: picha ni halali au ni haramu? Ni suali zuri na tutaligusia. Lakini lipo suali jengine ambalo halipewi uzito wake, nalo ni hili: yule anayepigwa picha ana haki gani juu ya aliyeshika kamera?

Suali hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Wageni hupiga picha kina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani, na watoto wanaotoka chuoni wakiwa na mas-hafu vifuani. Na si wageni peke yao. Sisi wenyewe, kila Ramadhani, tunawapiga picha wajane wakipokea mchele na tende, kisha tunazituma kwenye makundi ya WhatsApp. Katika makala hii tutaeleza kwanza visa vinne vya kweli vinavyoonesha nini hutokea uso wa mtu unapochukuliwa na jina lake likaachwa, kisha tutarudi katika mafundisho ya Dini yetu, na mwisho tutatoa nasaha na kujibu maswali machache.

Kisa cha kwanza: msichana wa Kiafghani

Mwaka 1984 mpiga picha wa Kimarekani, Steve McCurry, aliingia katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan. Ndani ya hema lililokuwa skuli alimkuta msichana wa Kipashtun wa umri wa miaka 12 hivi, mwenye macho ya kijani, akampiga picha. Mwezi wa Juni 1985 picha hiyo ilitoka mbele ya jarida la National Geographic, na ikawa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi duniani.

Kwa miaka 17 ulimwengu ulimwita "msichana wa Kiafghani". Jina lake halikuulizwa. Picha yake ilitundikwa kwenye kuta za watu asiowajua, ilichapishwa kwenye vitabu na mabango, na nakala zake ziliuzwa minadani kwa maelfu ya dola. Mpiga picha alipata umaarufu wa maisha. Mwenye uso alikuwa amerudi Afghanistan, ameolewa, anazaa na kulea katika umasikini, na hana habari kwamba kuna picha.

Mwaka 2002 jarida lilirudi kumtafuta na likampata. Jina lake ni Sharbat Gula. Ili kuhakikisha kuwa ni yeye, wataalamu walilinganisha mboni za macho yake na zile za kwenye picha. Ndipo kwa mara ya kwanza akaiona picha yake mwenyewe. Alieleza kwamba siku ile alikuwa na hasira, kwani aliyempiga alikuwa mtu wa kando na yeye hajawahi kupigwa picha kabla. Watu waliotumia miaka 17 kueleza macho yale yanasema nini, hawakuwa wamemuuliza mwenye macho.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba jarida lilianzisha mfuko wa elimu kwa wasichana wa Afghanistan baada ya kumpata, na lilimsaidia yeye na familia yake. Lakini umaarufu ambao hakuutaka haukuishia hapo. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa tuhuma ya kuwa na kitambulisho cha kughushi, akafungwa siku chache kisha akarudishwa Afghanistan. Wakimbizi wengi walikuwa na vitambulisho vya namna hiyo, lakini yeye habari yake ilienea duniani kote kwa sababu ya uso ule. Mwaka 2021, baada ya mabadiliko ya utawala Kabul, alihamishiwa Italia. Mwenyewe amewahi kusema kwamba picha ile ilimletea matatizo zaidi kuliko manufaa.

Kisa cha pili: mama wa California

Asidhani mtu kuwa haya huwafika Waislamu tu. Mwezi wa Machi 1936, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi Marekani, Bibi Dorothea Lange alikuwa akiifanyia kazi idara ya serikali iliyopiga picha za hali za wakulima. Huko Nipomo, California, katika kambi ya wachumaji wa njegere, alimpiga picha mama mmoja wa miaka 32 akiwa na watoto wake. Ikaitwa "Mama Mhamiaji". Lange mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumuuliza jina lake wala historia yake.

Picha ilipotoka gazetini chakula kilipelekwa kambini, lakini mama yule na watoto wake walikuwa wameshaondoka kutafuta kazi pengine. Wengine walinufaika, na hilo ni jema. Ama yeye, jina lake, Florence Owens Thompson, halikujulikana kwa watu mpaka mwaka 1978, miaka 42 baadaye. Aliposema, alisema kwa uchungu: alitamani asingepigwa picha ile, na hakupata hata senti moja kwayo. Watoto wake walieleza kuwa familia iliona haya kuwa sura ya umasikini wa nchi nzima.

Angalia, ndugu yetu: Lange hakuwa mtu muovu. Nia yake ilikuwa kuwasaidia masikini, na picha zake kweli zilisaidia. Lakini nia njema ya mwenye kamera haikuiondoa haki ya mwenye uso.

Kisa cha tatu: wanawake wa Algeria

Kisa hiki ni kizito zaidi. Mwaka 1960, Algeria ikiwa katika vita vya kujikomboa kutoka kwa Ufaransa, jeshi la Kifaransa lilikuwa limewahamisha wanavijiji na kuwaweka katika vijiji vya ulinzi. Kamanda mmoja akaamua kila mtu awe na kitambulisho chenye picha. Askari kijana, Marc Garanger, akaamrishwa kuwapiga picha. Katika muda wa siku kumi hivi alipiga karibu watu 2,000, wengi wao wanawake, katika vijiji vya Kabylia.

Wanawake wale hawakuwa na khiyari. Walikalishwa mmoja mmoja mbele ya ukuta, wakaamrishwa wafunue nyuso na vichwa vyao mbele ya mwanamme wa kando, tena askari wa jeshi la uvamizi. Picha zile zipo mpaka leo. Garanger, ambaye mwenyewe alikuwa akivipinga vita vile, amesema kwamba mbele ya kamera aliyaona macho yao yakimkataa. Alizichapisha katika kitabu mwaka 1982, ili dunia ione kilichofanyika. Mwaka 2004 alirudi Algeria kuwatafuta wale waliokuwa bado hai na kuwapa picha zao.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Kitambulisho ni kitu chenye jina. Kwa hiyo wanawake wale hawakuwa bila ya majina mbele ya jeshi. Jeshi lilitaka kuwajua mmoja mmoja ili liwatawale. Kwa maneno mengine, jina nalo linaweza kuwa silaha. Tutalirudia hili.

Kisa cha nne: kadi za posta za hapa kwetu

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Unguja ilikuwa na studio za wapiga picha, wakiwemo watu wa asili ya Goa kama vile A. C. Gomes. Walitengeneza kadi za posta zilizonunuliwa na wasafiri wa meli na kupelekwa Ulaya. Kadi hizo zipo leo katika makumbusho na katika mikono ya wakusanyaji. Chini ya picha nyingi za wanawake na watumishi pameandikwa aina ya mtu kwa lugha za Kizungu: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji. Jina la studio limo. Jina la mtu halimo.

Hao ni bibi zetu na babu zetu. Huenda miongoni mwa wasomaji wa makala hii yumo mjukuu wa mmoja wao, na hana njia ya kujua. Masultani na mabalozi waliopigwa picha zama zile zile waliandikwa kwa majina na vyeo vyao. Aliyekuwa na nguvu alibaki na jina, asiyekuwa nazo akawa mfano wa kabila lake.

Tofautisha hayo na mtu aliyekwenda mwenyewe studio kwa siku ya Iddi, akavaa kanzu yake mpya, akalipa, akachagua asimame vipi, akarudi na picha yake nyumbani. Mji Mkongwe una studio ya namna hiyo iliyofunguliwa na Bwana Ranchhod Oza mwaka 1930, Capital Art Studio, na familia nyingi za Unguja zina picha zilizotoka hapo. Kamera ni ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua.

Kutojulikana kuna sura mbili

Kutokana na visa hivi tunapata jambo ambalo ndilo msingi wa makala hii. Kutotajwa jina kuna sura mbili, na watu huzichanganya.

Sura ya kwanza ni sitara. Mtu anafichwa ili asidhurike wala asifedheheke. Hii ni katika tabia za Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Alipoona kosa kwa mtu, alikuwa akipanda juu ya mimbari na kusema habari za watu wafanyao kadhaa wa kadhaa, bila ya kumtaja mwenyewe. Ujumbe ukafika, na heshima ya mtu ikabaki. Na imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Allah Atamsitiri duniani na Akhera.

Sura ya pili ni kufutwa. Mtu hatajwi kwa sababu hakuhesabiwa kuwa ni mtu wa kutajwa. Na hili Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alilirekebisha. Al-Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alifariki usiku, watu wakamzika bila ya kumjulisha Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake ni dogo. Mtume alipokosa kumuona aliuliza habari zake. Alipoambiwa amefariki, alisikitika kwa kutojulishwa, akataka aoneshwe kaburi lake, akamsalia. Mtu ambaye wengine hawakumuona kuwa wa kuulizwa, yeye alimuuliza.

Hata wanavyuoni wa Hadithi hawakuridhika na kuwaacha watu wakiwa "mtu mmoja" au "mwanamke mmoja". Al-Khatib al-Baghdadi aliandika kitabu kizima cha kuwatafutia majina watu waliotajwa bila ya majina katika Hadithi.

Sasa pima picha ya Sharbat Gula. Jina lilikosekana, lakini uso ulisambazwa duniani kote. Hiyo haikuwa sitara, kwa sababu kilichopaswa kusitiriwa ndicho kilichofunuliwa. Wala haikuwa ukumbusho, kwa sababu hakuna aliyemjua. Amekosa kheri zote mbili.

Na wanawake wa Algeria walijulikana na jeshi kwa jina na kwa uso, wala hawakusitirika. Kwa hiyo kipimo si kutaja jina au kutolitaja. Vipimo ni viwili: Je, mwenyewe amekhiari? Na je, manufaa na madhara yanamwendea nani?

Mafundisho ya Dini juu ya jambo hili

Kwanza, kuhusu picha ya kamera yenyewe, wanavyuoni wa zama hizi wamekhitilafiana. Wapo walioingiza picha hizi katika makatazo ya kuchora viumbe, wasiruhusu isipokuwa kwa dharura na haja kama pasipoti, miongoni mwao Sheikh Ibn Baaz. Wapo walioona kuwa kamera hukamata kivuli tu kama kioo, wala haigi uumbaji, miongoni mwao Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i aliyekuwa Mufti wa Misri. Hatukusudii kuimaliza khitilafu hiyo hapa. Tunachosema ni kwamba hata kwa kauli ya wenye kuruhusu, uhalali wa chombo hauhalalishi kuchukua haki ya mtu. Kisu ni halali, na kumkata mtu nacho ni haramu.

Pili, idhini. Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) katika Suratun-Nuur, aya ya 27 na 28, Ametuamrisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu, na tukiambiwa turudi basi turudi. Na ni nini sababu ya ruhusa hiyo? Al-Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), naye Mtume alikuwa na chanuo mkononi akijikuna kichwa. Akamkemea vikali, akamweleza kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Yaani kinacholindwa si mlango wa mbao, ni kuonekana kwa aliyemo ndani. Ikiwa jicho linaloona mara moja na kusahau limewekewa sharti hili, vipi jicho la kamera linaloweka na kusambaza?

Atasema msemaji: lakini barabarani na ufukweni si nyumbani kwa mtu. Ni kweli, na anayepita njiani anajua kuwa ataonekana na wapitao. Lakini kuonekana na mpita njia si sawa na kuonekana na watu elfu usiowajua, kwa miaka, wakiuziana sura yako. Mama aliyekunja nguo yake hadi magotini ili afunge mwani amekadiria macho ya wenzake waliomo majini. Hakukadiria macho ya ulimwengu.

Tatu, ghiba na dharau. Katika Suratul-Hujuraat, aya ya 11 na 12, tumekatazwa kudharauliana, kupeana majina mabaya, kupelelezana na kusengenyana. Na ghiba, kama alivyoifasiri Mtume katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia, hata kama ni kweli. Wanavyuoni wameeleza kwamba anapotajwa mtu asiyejulikana kabisa na wasikilizaji, hilo haliwi kama kumtaja anayejulikana. Baadhi ya watu hulishika hili na kusema: "Sikumtaja jina, nimeweka picha tu." Jibu ni kwamba uso ni utambulisho kuliko jina. Majina ya Fatma na Mwanakombo ni mengi, uso ni mmoja.

Nne, kutodhuru. Sharia yetu imekataza mtu kumdhuru mwenziwe. Madhara ya picha yapo: fedheha kwa familia, posa kuvunjika, mtoto kuchekwa skuli, mtu kutafutwa na anayemkimbia. Na picha ikishatoka mkononi hairudi.

Kisiwani hakuna asiyejulikana

Hapa tunapenda kusimama kidogo, kwa sababu hali ya visiwa vyetu ni maalumu. Mpiga picha wa mji mkubwa huweza kufunika macho ya mtu kwa mstari mweusi au ukungu akaona amemsitiri. Kwetu haitoshi. Mtu wa Wete au wa Makunduchi atamjua jirani yake kwa mlango wa nyumba nyuma yake, kwa kanga aliyovaa, kwa mtoto aliyemshika mkono, hata kwa namna anavyosimama. Lamu na Mafia ni hivyo hivyo. Picha ambayo mbele ya mfadhili wa ng'ambo ni ya "mjane masikini", hapa mtaani ni ya mama Fulani, na kabla ya Isha habari zimeshafika kwa wifi zake.

Basi mwenye kusema "tumeficha uso" ajiulize: nani atamjua kwa yaliyobakia?

Sadaka yenye kamera

Jambo linalotusikitisha zaidi ni picha za misaada. Suratul-Baqara imetufunza adabu tatu zinazotosha. Katika aya ya 264 tumeonywa tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Katika aya ya 271 tumeelezwa kuwa kudhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha tukawapa mafakiri ni bora zaidi. Na katika aya ya 273 wamesifiwa mafakiri ambao asiyewajua hudhani ni matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba.

Tafakari aya hii ya mwisho. Kuna mtu ambaye Allah Amemsifu kwa kuuficha umasikini wake. Amevumilia miaka, amefua kanga yake ile ile, hakumgongea mtu mlango. Kisha tunakuja sisi na kilo tano za mchele, tunamsimamisha mbele ya bango la jumuiya, tunamwambia ashike mfuko na atazame hapa. Kwa dakika moja tumeuvunja ujenzi wake wa maisha. Na akiambiwa "unaridhia tukupige picha?" huku mchele uko mkononi mwa muulizaji, atasema nini? Hiyo si idhini. Ridhaa ya mwenye njaa mbele ya mwenye chakula inafanana na ile ya mwanakijiji mbele ya askari.

Tunajua udhuru wa wenye jumuiya: wafadhili wanataka ushahidi, na amana inataka hesabu. Ni haki yao, na zipo njia zisizomgusa mtu. Wapige picha magunia yakiwa ghalani na yakipakiwa kwenye gari. Wapige picha mikono inayopokea, bila ya uso wala mlango wa nyumba. Waweke daftari la majina na saini, likaguliwe na watu wawili waaminifu wa mtaa, libaki kwa mweka hazina lisitumwe mitandaoni. Wapeleke risiti za duka. Na wafadhili nao, khasa ndugu zetu walioko Oman, Dubai na Uingereza, wasidai sura za mafakiri. Mkitaka risiti mtaletewa risiti. Mkitaka nyuso mtaletewa nyuso.

Je, picha za dhulma?

Isifahamike kuwa tunataka dhulma ifichwe. Allah katika Suratun-Nisaa, aya ya 148, Amebainisha kuwa Hapendi kutangazwa maneno mabaya, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Mwenye kudhulumiwa ana haki ya kupaza sauti, na picha ni sauti. Lau si picha, mengi yanayowapata ndugu zetu wa Palestina yangekanushwa.

Lakini hata hapo adabu inawezekana. Picha iliyopewa tuzo ya mwaka 2024 na World Press Photo ilipigwa Khan Younis, Gaza, mwezi wa Oktoba 2023 na mpiga picha wa Kipalestina. Mwanamke ameinama ameikumbatia maiti ya mtoto wa ndugu yake, iliyofunikwa sanda. Uso wake hauonekani, na wa mtoto hauonekani. Lakini majina ya wote wawili yanajulikana na yameandikwa pamoja na picha. Ni kinyume kabisa cha picha ya mwaka 1984: uso umesitirika, jina limehifadhika, na dhulma imeonekana.

Na inapokuwa kumtaja aliyedhulumiwa kutamletea madhara zaidi, kama aliyebakwa, mtoto aliyeteswa, au shahidi anayetishwa, hapo jina na uso vyote vifichwe. Sitara ndiyo asili kwa asiyejiweza.

Masharti ya idhini ya kweli

Kwa ufupi, tunaona idhini haiwi idhini mpaka yakamilike haya:

1. Aombwe kabla ya kupigwa, kwa lugha anayoifahamu.
2. Aelezwe picha itakwenda wapi: nyumbani, gazetini, mtandaoni, au kuuzwa.
3. Aweze kukataa bila ya kukosa kitu. Asinyimwe msaada, kazi wala matibabu kwa kukataa.
4. Aulizwe kama anataka jina lake litajwe au lisitajwe, na lifuatwe analolisema.
5. Kwa mtoto, aulizwe mzazi au mlezi wake, na mzazi akumbuke kuwa mtoto ni amana. Asitoe idhini ambayo mtoto akikua ataijutia.
6. Mwanamke asitakiwe kufunua kile ambacho Sharia imemtaka akisitiri, hata akiombwa kwa upole.

Maswali na majibu

*Mtalii amempiga picha binti yetu njiani bila ya ruhusa. Tufanye nini?*
Mwambieni kwa heshima kuwa hamkuridhia na mumuombe aifute mbele yenu. Wengi wataifuta na kuomba radhi. Msipigane wala msimnyang'anye mali yake. Akikataa, shitakieni kwa sheha, kwa uongozi wa hoteli au polisi. Na wenye kuongoza watalii, ambao wengi ni vijana wetu, ni wajibu wao kuwaelimisha wageni kabla ya kufika kijijini.

*Mwalimu wa madrasa anataka picha za wanafunzi kwa ajili ya kuomba ufadhili. Inafaa?*
Awaulize wazazi kwanza, kila mmoja na mwanawe. Apige watoto wakiwa katika hali ya heshima, wanasoma, si wakiwa wamechaguliwa wenye nguo zilizochanika ili waonewe huruma. Asiandike majina kamili ya watoto pamoja na jina la madrasa na kijiji, kwani hilo humrahisishia mwenye nia mbaya.

*Niliwahi kutuma picha ya mtu bila ya ridhaa yake. Nimetubia, inatosha?*
Haki ya mja haikamiliki kwa istighfaar pekee. Ifute, waombe uliowatumia waifute, na ukiweza mwendee mwenyewe umuombe radhi. Ukiona kumjulisha kutazidisha madhara, muombee dua na umtaje kwa kheri pale ulipomfedhehesha.

*Sheria za nchi zinasemaje?*
Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mwenye kudhurika amuone mwanasheria. Na mwenye suala lake maalumu la kidini alipeleke kwa mwanachuoni anayemwamini au Ofisi ya Mufti, kwani makala hii ni maelezo ya jumla.

Mwisho

Ndugu zetu, leo kila nyumba ina kamera. Zamani mwenye nguvu hizi alikuwa mgeni aliyeshuka melini au askari aliyetumwa na kamanda. Leo ni mtoto wetu wa miaka 14 mwenye simu. Basi tuwafunze watoto wetu kabla ya kubonyeza waulize, na wakiambiwa hapana warudi, kama tulivyofunzwa kurudi mlangoni. Na picha za wazee tulizonazo makabatini, tuandike majina yao nyuma, maadamu bado yupo anayewakumbuka.

Tunamuomba Allah Atusitiri aibu zetu, Awahifadhi wake zetu na watoto wetu, Awaondolee dhulma wanaodhulumiwa, na Atujaalie kuwa wenye kulinda heshima za watu kama tunavyopenda zilindwe zetu. Aamiin.

Na Allah Anajua zaidi.